Jina Halifundishi Timu

Mwaka 1999 Dynamo Kyiv ya Ukraine ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ikiwa na washambuliaji wawili waliocheza kama mapacha, Andriy Shevchenko na Serhiy Rebrov. Shevchenko akaenda AC Milan, akatwaa Ballon d'Or mwaka 2004, na hadi leo jina lake halihitaji maelezo kwa mtu wa makamo aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha mpira Gumbo au kwingineko Rejaf, karibu na Juba. Rebrov alinunuliwa na Tottenham kwa fedha nyingi, akakwama, akatangatanga hadi Uturuki, baadaye akarudi nyumbani. Baada ya wote wawili kutundika daluga, mambo yakageuka. Rebrov alianzia chini kwenye benchi la Dynamo, akiwa msaidizi. Aprili 2014 kocha mkuu Oleh Blokhin, naye mshindi wa Ballon d'Or ya 1975, aliondolewa bila kuipa timu kikombe hata kimoja, na msaidizi akashikishwa timu kwa muda. Mwezi uliofuata akabeba Kombe la Ukraine. Akaongeza ubingwa wa ligi 2015 na 2016, akaenda Hungaria akaipa Ferencváros ubingwa mara tatu mfululizo, kisha akatwaa ligi ya Falme za Kiarabu na Al Ain mwaka 2022. Shevchenko alipopewa klabu yake ya kwanza, Genoa ya Italia, Novemba 2021, alidumu mechi 11. Kwenye ligi hakushinda hata moja.

Tumtendee haki. Genoa ile ilikuwa mbovu, na hata waliompokea hawakuweza kuizuia isishuke daraja. Tena Shevchenko huyo huyo alikuwa ameifikisha Ukraine robo fainali ya Euro 2020. Lakini timu ya taifa hukutana kwa siku chache, inacheza, inatawanyika. Kocha wa klabu ana wachezaji wale wale asubuhi baada ya asubuhi: beki aliyepoteza namba na sasa amenuna, kijana anayerudia kosa lile lile la kupokea mpira akiwa ameligeuzia lango mgongo, mishahara iliyochelewa na wazee wa klabu wanaotaka kuchagua kikosi. Kazi hiyo ina ufundi wake, na hujifunzwa kwa kukaa miaka pembeni mwa mtu anayeifanya, ukipanga koni na kubeba lawama zisizo zako. Ninachodai ni hiki: mchezaji hugeuka kocha kwa uanagenzi wa klabuni, si kwa umaarufu wa uwanjani, na klabu zetu za ukanda huu zinaupoteza uanagenzi huo hata pale ulipokwisha kuzaa matunda.

Ushahidi wa karibu zaidi ni Juma Mgunda wa Tanga. Alikuwa mchezaji wa Coastal Union, timu iliyotwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, akaja kuwa kocha wa klabu hiyo hiyo, mahali ambapo kocha hapewi fedha za kununua wachezaji bali hupewa vijana na kuambiwa awapike. Julai 2022 aliifikisha Coastal fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania jijini Arusha dhidi ya Yanga yenye kila kitu. Mechi ikaisha 3-3, kijana wake Abdul Suleiman 'Sopu' akifunga mabao yote matatu, na Yanga ikalazimika kusubiri penalti ili ishinde. Miezi miwili baadaye Simba ilimkosa kocha wake Mserbia, Zoran Maki, siku chache kabla ya mechi ya Ligi ya Mabingwa Afrika huko Malawi. Kanuni za CAF zinamtaka kocha mkuu awe na leseni ya daraja A, na Mgunda alikuwa nayo. Akaitwa haraka. Alikwenda Lilongwe akaifunga Nyasa Big Bullets 2-0, akairudia Dar es Salaam kwa matokeo hayo hayo, akaenda Luanda akaichapa Primeiro de Agosto 3-1, na nyumbani akamaliza kazi kwa bao 1-0. Mechi nne za mchujo, ushindi mara nne, Simba ikaingia hatua ya makundi.

Januari 2023 Simba ikamleta Mbrazili Roberto Oliveira, 'Robertinho', awe kocha mkuu, na Mgunda akasogezwa kiti cha pili. Baadaye akapelekwa timu ya wanawake, Simba Queens. Aprili 2024, kocha Mwaljeria Abdelhak Benchikha alipoondoka, nani aliitwa amalizie msimu? Mgunda. Msimu ukaisha, akatafutwa mgeni mwingine. Hilo ndilo gurudumu la akiba: hutolewa kwenye buti siku ya pancha, likiwafikisha salama linarudishwa buti, wala hakuna anayejiuliza kama lingeweza kwenda safari nzima.

Najua jibu litakalotolewa na shabiki yeyote wa Simba, nalo lina uzito. Robertinho huyo aliifikisha timu robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, akatolewa na Wydad Casablanca kwa penalti tu. Mwaka ule ule Mtunisia Nasreddine Nabi aliipeleka Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wageni wanashinda, nani atabisha? Ila tutazame walipotoka. Robertinho aliletwa Dar baada ya kufanya kazi Uganda na Vipers, na kabla ya hapo Rwanda na Rayon Sports. Mpira wa ukanda huu aliujua kwa kuufanyia kazi. Hata Nabi hakuajiriwa kwa sababu ya mabao aliyofunga ujanani. Wote wawili walikuwa wamepewa klabu, wakakosea, wakapewa nyingine. Pasipoti haikuwasaidia chochote kwenye uwanja wa mazoezi. Kilichowasaidia ni nafasi ya kukosea, na mzawa hunyimwa nafasi hiyo. Mgunda alishika timu kwa muda mara mbili, na kocha wa muda hana ruhusa ya kupoteza mechi mbili mfululizo.

Sudan Kusini inalijua jambo hili tangu siku ya kwanza. Tarehe 10 Julai 2012, mwaka mmoja na siku moja baada ya uhuru, timu ya taifa ilicheza mechi yake ya kwanza jijini Juba, ikatoka sare 2-2 na Uganda. Kwenye benchi alikaa Mserbia Zoran Đorđević, mwenye tajiriba ya nchi nyingi. Mwaka uliofuata hakuwepo. Baada yake wamepita Mkorea, Mkameruni, Mwitaliano na Mfaransa, na katikati yao wazawa wamekuwa wakishikishwa timu mpaka mgeni mwingine apatikane. Kila mmoja amekuja na mfumo wake na kuondoka nao. Ushindi wa kwanza wa mashindano, 1-0 dhidi ya Guinea ya Ikweta Septemba 2015, ulipatikana Juba hiyo hiyo, na benchi lililouleta halikukaa muda wa kutosha kumfundisha mtu yeyote namna ulivyopatikana.

Tofauti ilionekana Septemba 2025, El Merriekh ya Bentiu ilipopangwa na Azam ya Dar es Salaam katika Kombe la Shirikisho Afrika. Azam ilisonga mbele, na hilo halikumshangaza mtu. La kutazamwa zaidi ni aliyekuwa kwenye benchi lake: Florent Ibenge, mzaliwa wa Mbandaka, Kongo. Kama mchezaji hakuacha alama inayosimuliwa. Kama kocha alifundisha klabu ndogo za Ufaransa ambazo wengi wetu hatujawahi kuzisikia, kisha AS Vita ya Kinshasa ikamwachia timu kwa miaka saba hivi. Akapoteza fainali ya Ligi ya Mabingwa 2014 na hakufukuzwa. Akapoteza ya Shirikisho 2018, na bado hakufukuzwa. Mwaka 2022 akalitwaa Kombe la Shirikisho na Berkane ya Morocco. Akahamia Al Hilal ya Omdurman, timu ambayo wazee wa Juba waliishabikia tangu nchi ilipokuwa moja, na vita vya Aprili 2023 vilipoinyang'anya uwanja na nyumba, aliendelea nayo ikicheza ugenini hadi kwenye ligi ya Mauritania, na mwaka 2025 ilifika robo fainali ya Afrika. Ni klabu ngapi za ukanda wetu zingemvumilia mtu aliyepoteza fainali mbili?

Kuna pingamizi la pili, kwamba ninawadharau nyota. La hasha. Abdallah Kibadeni aliifungia Simba mabao matatu katika ile 6-0 dhidi ya Yanga mwaka 1977, na mwaka 1993 akiwa kocha aliifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF, ikafungwa na Stella ya Abidjan. Kumbe nyota naye anaweza. Mchezaji mwenye jina ana hata faida moja: siku ya kwanza vijana wanamsikiliza bila kulazimishwa. Siku ya arobaini watataka awaeleze kwa nini krosi zao hazifiki, na hapo jina limekwisha kazi. Kizazi kilichoanza na Sudan Kusini mwaka 2012, akina James Moga aliyefunga katika mechi ile ya Uganda, sasa kiko kwenye umri wa kuingia benchi. Shirikisho la soka la nchi likiwapa timu ya taifa kwa heshima ya mabao yao, litarudia kosa la Genoa. Wapewe kwanza timu ya vijana ya klabu, na mkuu wa kuwakosoa.

Fedha hazipo, watasema viongozi wa klabu za Juba, na kweli hazipo. Lakini mgeni anahitaji tiketi ya ndege, nyumba, dola kila mwezi na fidia anapotimuliwa kabla ya mkataba kwisha. Sehemu ndogo ya gharama hiyo inatosha kumlipia msaidizi mzawa kozi za CAF, kuanzia leseni D hadi A, nyingine akizifuata Kampala au Nairobi kwa basi la barabara ya Nimule linalopita hapo hapo Gumbo. Mkataba wake usifungwe na wa kocha mkuu: mkuu akiondoka, yeye abaki na daftari la mazoezi na majina ya vijana. Na klabu inapomwajiri mgeni, iandike kwenye mkataba kwamba sehemu ya kazi yake ni kumfundisha msaidizi huyo, na imdai kazi hiyo kama inavyomdai pointi.