Asili na Maana ya Majina ya Mkate wa Pasaka: Paska, Kulich na Tsoureki

Katika taaluma ya etimolojia, swali la neno lilitoka wapi aghalabu huchanganywa na swali la neno lina maana gani. Majina ya mkate unaoandaliwa wakati wa Pasaka na Wakristo wa Ulaya Mashariki na Ugiriki yanadhihirisha kuwa haya ni maswali mawili.

Nchini Ukraine, mkate huo huitwa paska. Jina hili lina nasaba moja na neno Pasaka la Kiswahili: yote mawili yanarejea kwenye neno la Kiebrania pesach, lililopitia Kiaramu na kuingia katika Kigiriki kama pascha. Hivyo, jina la sikukuu limekuwa jina la chakula chake. Nchini Urusi, hata hivyo, paskha ni chakula cha jibini laini chenye umbo la piramidi. Mkate wenyewe huitwa kulich, jina lenye asili ya Kigiriki linalohusu umbo la mviringo. Neno la asili moja, basi, linataja vyakula viwili katika lugha mbili jirani.

Huko Ugiriki, mkate wa Pasaka husukwa mithili ya nywele, na aghalabu hupachikwa yai jekundu linaloashiria damu ya Yesu. Huitwa tsoureki, jina lililokopwa kutoka neno la Kituruki çörek, ambalo hutaja mikate ya aina nyingi isiyohusiana na Pasaka. Wagiriki wana jina jingine pia, lambropsomo, yaani mkate wa Lambri. Lambri ni jina la Pasaka lenye maana ya mng'ao. Lambropsomo huitaja sikukuu waziwazi, ilhali tsoureki huifungamanisha nayo kwa mazoea ya wasemaji.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana funzo hapa. Neno kanisa limekopwa kutoka Kiarabu, lakini limeingia katika ngeli ya LI-YA, likapata wingi makanisa na kuzaa kanisani kwa utaratibu wa Kibantu. Wapo waliowahi kudai kwamba Kiswahili ni Kiarabu kwa kuhesabu maneno ya mkopo. Dai hilo linachukua asili ya maneno kuwa ndiyo asili ya lugha. Asili ya neno hueleza safari yake. Maana yake huamuliwa na jamii inayolitumia.