Sabufa na Spika Ndogo za Studio: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kununua

Spika ndogo za studio, zenye koni ya inchi 4 au 5, hutengenezwa ili msikilizaji aisikie sauti kama ilivyorekodiwa, bila kupambwa. Hata hivyo, aghalabu hudhoofika chini ya hezi 60 hivi, ilhali uzi mnene wa gitaa la besi hutoa sauti ya takriban hezi 41. Anayechanganya muziki bila kuisikia besi hiyo huweza kuiongeza kupita kiasi, na wimbo wake ukipigwa ukumbini huvuma vibaya. Ndiyo maana wengi huongeza sabufa. Uamuzi huo una manufaa iwapo tu sabufa inaoana na spika zilizopo.

Kwanza, kagua matundu ya nyuma. Sabufa nyingi za sebuleni huuzwa pamoja na spika zake, ambazo hutegemea amplifaya iliyomo ndani ya sabufa. Spika nyingi za studio zina amplifaya zake zenyewe. Kuziunga kwenye matundu yaliyokusudiwa spika zisizo na amplifaya kunaweza kuziharibu. Tafuta sabufa inayopokea sauti kutoka kwenye kompyuta au mikisa, ikabaki na sauti nzito, kisha ikapeleka zilizosalia kwenye spika. Mpaka wa mgawanyo huo huitwa krosova, na mara nyingi huwekwa kwenye hezi 80. Pasipo mgawanyo, sabufa na spika hupiga besi ileile kwa pamoja, na muziki hukosa uwazi.

Pili, usivutwe na wati nyingi zilizoandikwa kwenye boksi. Tarakimu zinazoambatana na herufi PMPO hudai nguvu ya kitambo kifupi mno, wala hazina kanuni moja ya upimaji. Linganisha wati za RMS, yaani nguvu ambayo kifaa hukihimili kwa mfululizo. Muulize muuzaji pia sabufa inashuka hadi hezi ngapi, na kwa tofauti ya desibeli ngapi.

Tatu, zingatia chumba. Wimbi la sauti ya hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, hivyo chumba kidogo huikuza besi mahali pamoja na kuififisha pengine. Sabufa ikiwekwa kwenye kona huvuma zaidi. Iweke kwa muda pale unapoketi, piga wimbo wenye besi, kisha tembea kando ya kuta: mahali ambapo besi inasikika kwa usawa ndipo pa kuiweka. Mwisho, jaribu swichi ya fezi, 0 na 180, ukichagua upande ambao besi inasikika imejaa zaidi.

Kumbuka kwamba nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji. Omba kuijaribu sabufa dukani pamoja na spika zako mwenyewe. Dai stakabadhi yenye jina kamili la modeli, pamoja na masharti ya waranti kwa maandishi, na uhifadhi boksi lenye maelezo ya kifaa. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha. Iliyoandikwa ni ushahidi wako.