Kuchagua Boti Ndogo ya Alumini ya Uvuvi



Wengi wenu ni watoto wa wakulima na wafugaji, lakini wapo ambao wazazi wao hupata riziki katika Ziwa Basotu, wilayani Hanang. Wavuvi wetu wamezoea mitumbwi ya magogo na ya mbao. Siku hizi magogo makubwa ni adimu na mbao huoza, hivyo boti ya alumini inavutia: ni nyepesi, haiozi, wala haishiki kutu nyekundu kama chuma. Mzee akikuuliza, "Wewe msomi, ninunue hii?", umjibu kwa elimu. Tunaeleza mambo matano.

1. Maji. Alumini hulindwa na ngozi nyembamba sana iliyo juu yake. Magadi huila ngozi hiyo. Mama zetu wanalijua hili: sufuria ya alumini ikipikiwa maharage kwa magadi hubadilika ikawa nyeusi. Ziwa Eyasi, linalopakana na Mbulu, lina maji ya chumvi na magadi, na vivyo hivyo Ziwa Balangida chini ya Mlima Hanang. Boti ya alumini ikikaa katika maji ya namna hiyo huliwa polepole hadi itoboke. Huko mbao au faiba ni bora. Basotu ni ziwa la maji baridi, na huko alumini inafaa.

2. Umbo. Kwa ziwa dogo, chagua boti pana yenye kitako bapa. Mvuvi husimama na kuinama akivuta nyavu, na chombo chembamba hupinduka upesi. Kitako chenye umbo la V ni kwa mawimbi makubwa, kama ya Ziwa Victoria.

3. Mzigo. Hapa ndipo hesabu ya darasani inapookoa roho. Chombo huelea kwa kusukuma maji yenye uzito sawa na wake. Tuseme kitako kina urefu wa mita 3 na upana wa mita 1. Kikizama sentimita 1, husukuma lita 30 za maji, yaani kilo 30. Boti ya kilo 70, watu watatu wa kilo 70 kila mmoja, na kilo 80 za nyavu mbichi na samaki, jumla ni kilo 360. Itazama sentimita 12. Kama ubavu una kimo cha sentimita 45, zitabaki 33 juu ya maji, na hizo ndizo kinga yenu upepo ukivuma. Kila abiria wa ziada hupunguza kinga hiyo. Tukumbuke MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kupita kiasi.

4. Maboya. Mtumbwi wa mti ukijaa maji bado huelea, na mtu anaweza kuushika. Alumini ni nzito kuliko maji mara 2.7, hivyo boti ikijaa huzama moja kwa moja. Hakikisha chini ya viti kuna maboya yaliyofungwa imara. Yakikosekana, funga madumu matupu matatu ya lita 20 yenye vifuniko visivyovuja. Hayo huishikilia boti tu, hayawabebi watu. Kila mmoja avae jaketi la kuokolea.

5. Viungo. Kabla ya kulipa, iinueni juu ya magogo, mimina maji ndani, kisha tazama nje kama yanatoka penye ribiti au penye maungio. Kataa boti iliyofungwa kwa misumari ya chuma cha kawaida, kwani chuma na alumini vikigusana majini, alumini huliwa. Uliza pia nani ataitengeneza: fundi wa kuchomelea mageti hawezi kuichomelea alumini kwa vifaa vile vile.

Mwisho, Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inataka chombo kisajiliwe na mvuvi awe na leseni. Mwone ofisa uvuvi wa wilaya mapema.

Wahenga walisema, rahisi ni ghali. Boti ya bei nafuu isiyo na maboya inaweza kugharimu baba wa watu. Tuwaeleze wazee wetu haya kwa adabu, kabla fedha hazijatoka mfukoni.