Kidonda Kisichopona
Maneno kwa wazazi na walimu juu ya jua, ngozi, na ugonjwa wa saratani



Mwezi huu nataka kusema nanyi habari ya jua. Labda mtaniuliza, "Mwalimu, jua lina habari gani? Si kila siku huchomoza na kuchwa?" Ndivyo. Jua ni kipawa cha Mungu. Hutuivishia mahindi, hutukaushia kahawa na nguo, hutuondolea unyevu wa masika. Walakini hata moto ni kipawa, nao hutupikia chakula, lakini mtoto asiyefundishwa huungua. Hivyo ndivyo lilivyo jua kwa watu ambao ngozi yao haina kinga. Nao wamo nyumbani mwetu, na darasani mwetu, na katika mabenchi ya kanisa.

Naandika haya kwa kuwa nina deni. Sikilizeni.

DENI LANGU

Miaka mingi imepita tangu nilipokuwa mwalimu katika shule moja ya mlimani. Darasani mwangu alikuwamo kijana mwenye ualbino, mpole, hodari wa hesabu. Alipoandika, uso wake ulikaribia kugusa daftari. Nami nilidhani ni mazoea mabaya, nikamkemea. Siku za shamba la shule nilimpeleka pamoja na wenzake, saa sita ya mchana, jembe mkononi na kichwa wazi. Nilisema moyoni, "Nikimwacha kivulini nitakuwa nimempendelea, na wenzake watanung'unika." Nilidhani hiyo ndiyo haki. Jioni shingo yake ilikuwa nyekundu, na siku ya tatu ngozi ikabambuka. Hakusema neno.

Alipopata umri wa miaka kumi na minane hivi, alitokwa na kipele nyuma ya sikio. Kipele kikawa gamba, gamba likatoka damu, likakauka, likatoka damu tena. Mama yake akakifunika kwa kitambaa, maana majirani walikuwa na maneno mengi. Mtu mmoja akawapa dawa ya unga ya kuchoma. Wakatia, na kidonda kikazidi kuwa kipana. Mwaka mzima ukapita hivi. Mimi nilikiona kile kitambaa kila Jumapili, nisiulize.

Hata siku moja akaja muuguzi kumtembelea ndugu yake kijijini. Akakifungua kile kitambaa, akatazama, akamwambia mama waziwazi, "Mama, mtoto huyu apelekwe hospitali juma hili. Msingoje mavuno." Wakaenda. Madaktari wakakata, na ile nyama ikapimwa, ikaonekana ni saratani. Alipona, namshukuru Mungu, lakini nusu ya sikio aliiacha kule. Daktari alituambia ya kuwa kama angaliletwa wakati wa gamba, kazi ingalikuwa ndogo.

Nilipokwenda kumtazama nilimwomba radhi. Akanijibu, "Mwalimu, hukujua." Jibu lile liliniuma kuliko lawama. Tangu siku ile nimetafuta kujua, na leo nataka ninyi nanyi mjue, asije mtoto mwingine akalazimika kuwaambia neno lile.

UALBINO NI NINI

Mungu ametia katika ngozi ya mwanadamu rangi ambayo wataalamu huiita melanini. Rangi hiyo ndiyo ituletayo weusi, nayo ni kama mwavuli uliofunguliwa juu ya ngozi. Mtu mwenye ualbino huzaliwa na rangi hiyo kidogo mno, au hana kabisa. Hupungua pia machoni, na kwa sababu hii haoni mbali vizuri, macho yake huchezacheza, na mwanga mkali humwumiza. Yule mwanafunzi wangu hakuwa mvivu wala mkaidi alipoinamia daftari. Alikuwa akitafuta herufi.

Hali hii hurithiwa kwa baba na kwa mama pamoja. Watu wawili weusi waweza kuwa nayo katika asili yao bila kujua. Wakioana, katika kila mimba kuna uwezekano wa mara moja katika nne kwamba mtoto atazaliwa na ualbino. Kwa hiyo mume amfukuzaye mkewe kwa ajili ya mtoto kama huyu, akisema amemletea mkosi, ajue kwamba yeye mwenyewe ametoa nusu ya jambo hilo. Si laana, si mzimu, wala si ugonjwa wa kuambukiza. Katika nchi ya Tanzania wataalamu hukadiria mtu mmoja katika kila 1,400, ilhali Ulaya ni mmoja katika watu 17,000 au zaidi. Basi ni jambo letu hasa. Zamani tulizoea kuwaita zeruzeru. Tuliache neno hilo, maana linawaumiza. Kila mmoja ana jina alilopewa siku ya ubatizo. Aitwe kwa jina lake.

JINSI JUA LINAVYODHURU

Katika mwanga wa jua imo mionzi isiyoonekana kwa macho. Hiyo huingia katika ngozi na kuziharibu zile chembe ndogo ambazo mwili umejengwa kwazo. Chembe iliyoharibika sana yaweza kuacha utaratibu wake, ikaanza kuzaana ovyo. Hiyo ndiyo saratani, ambayo wengine huiita kansa.

Watu wengi hudanganyika kwa kudhani kwamba penye joto ndipo penye hatari, na penye baridi pana salama. Sivyo. Joto ni jambo moja na mionzi ni jambo jingine. Kadiri mtu apandavyo mlimani ndivyo mionzi izidivyo, yapata sehemu kumi katika mia kwa kila meta 1,000. Mawingu mepesi nayo huipitisha. Basi wenzetu wa milimani wanaosema, "Leo hakuna jua, mtoto na acheze," wanakosea.

Tena ngozi haisahau. Kila kuungua huandikwa, kama deni katika daftari la mwenye duka, hata siku ya kudaiwa. Mwaka 1985 zilichapishwa habari za watu 350 wenye ualbino wa mji wa Dar es Salaam waliochunguzwa na madaktari. Ilionekana kwamba madhara ya jua huanza tangu utoto mdogo. Kwa hiyo kazi ya kinga haimngojei mtoto aanze shule. Huanza siku mama anapomtoa nje kwa mara ya kwanza.

KINGA

Kwanza, saa. Mionzi huwa mikali hasa tangu saa nne asubuhi hata saa kumi alasiri. Kazi za nje na zifanywe mapema au jioni.

Pili, nguo. Mikono mirefu, suruali au gauni refu, na kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Inua nguo mbele ya mwanga. Ukiona mwanga unapenya, na mionzi hupenya.

Tatu, kofia. Kofia ndogo ya kubana kichwa haifai, maana huacha masikio na shingo. Itakiwayo ni kofia yenye ukingo mpana, usiopungua vidole vinne, kuzunguka kichwa chote. Akina mama wetu wanaojua kusuka ukindu waweza kuzifanya kwa gharama ndogo.

Nne, mafuta ya kukinga jua. Yapakwe usoni, masikioni, shingoni, mikononi na kila mahali pasipofunikwa, karibu nusu saa kabla ya kutoka, na kurudiwa kila baada ya saa mbili, au mtu akitoka jasho jingi. Katika hospitali ya KCMC, mjini Moshi, yametengenezwa mafuta ya namna hii yaitwayo Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Lakini angalieni: mafuta ya kawaida ya kupaka hayakingi jua, na yale ya kuchubua ngozi huongeza hatari. Wala mafuta ya kinga si ruhusa ya kushinda juani. Ni msaidizi wa kofia na nguo.

Tano, kazi. Mzazi amfikirie mtoto wake tangu mapema, ajifunze kazi ya kivulini: ushonaji, ukarani, ualimu, biashara ya dukani. Ndiyo maana shule kwa mtoto huyu ni sehemu ya dawa yake.

DALILI

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Nyumbani mwenye mtu wa ualbino, na iwe desturi kumtazama ngozi yote kila mwezi mahali penye mwanga: uso, midomo, masikio mbele na nyuma, shingo, mikono. Mambo haya yasidharauliwe:

Gamba kavu, gumu, lililo kama msasa ukilipapasa, lisilotoka kwa mafuta. Hili mara nyingi ndilo mwanzo.

Kinyama kinachoota na kuwa kigumu kama pembe ndogo.

Kivimbe kinachong'aa, au kinachokua upesi.

Kidonda kisichopona katika majuma manne, au kinachopona na kurudi, au kinachotoka damu kwa kuguswa tu.

Saratani ya ngozi aghalabu haiumi mwanzoni. Msingoje maumivu. Aliye na moja katika dalili hizi aende hospitali.

Na sisi wengine tusijione salama kabisa. Mtu mweusi naye hupatwa na saratani ya ngozi, ingawa si mara nyingi, na mara nyingi mahali pasipopigwa na jua: wayo wa mguu, kiganja, chini ya ukucha, au katika kovu kuukuu la moto na kidonda cha miaka mingi, kile ambacho wazee hukiita donda ndugu. Doa jeusi jipya linalopanuka wayoni, au kovu la zamani lililoanza kuchimbika, na lionyeshwe kwa daktari vilevile.

TIBA

Gamba la mwanzo daktari huligandisha kwa naitrojeni yenye baridi kali, au hutoa dawa ya kupaka iliyo maalum. Mgonjwa hurudi nyumbani siku ileile. Saratani yenyewe hukatwa pamoja na nyama nzima kidogo pembeni yake, na iliyokatwa hupimwa ili kujua kama yote imetoka. Ikiwa imeenea, yaweza kuhitaji tiba ya mionzi, ambayo hupatikana Ocean Road mjini Dar es Salaam na Bugando mjini Mwanza. Mjini Moshi kuna chuo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichofunguliwa mwaka 1992, ambacho hufundisha waganga wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Ugonjwa huu ukiwahiwa, hupona. Ukiachwa, hula nyama, hufika mfupani, hata kuua. Kati ya mambo hayo mawili mara nyingi hakuna ila miezi kadhaa ya haya, na dawa za kuchoma, na nauli iliyokosekana. Haya twaweza kuitoa, dawa za kuchoma twaweza kuzikataa, na nauli kanisa laweza kuichanga. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

NENO KWA WALIMU NA WAKRISTO WOTE

Mwalimu, mweke mtoto huyu mbele darasani, mahali pasipo na mng'ao wa dirisha. Andika kwa herufi kubwa, au umsomee yaliyo ubaoni. Wakati wa shamba mpe kazi ya ndani: kuhesabu mbegu, kuandika daftari la mavuno. Wenzake wakinung'unika, waeleze sababu. Watoto huelewa haki upesi kuliko sisi. Wala usiseme hatafika mbali. Mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany, mtu mwenye ualbino, awe mbunge wao.

Kuna jambo zito zaidi, nami siwezi kulipita. Hasa tangu miaka ya 2007 na 2008, ndugu zetu hawa waliuawa na kukatwa viungo na watu waliodanganywa kwamba humo mna utajiri. Mwezi wa Januari 2015 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku waganga wapigao ramli. Kwa hofu ile, wazazi wengi waliwaficha watoto, wasionekane shuleni wala hospitali; hivyo aliyeokoka na panga aliweza kupatwa na kidonda gizani. Basi Mkristo aendaye kwa mpiga ramli kwa siri asiseme hana hatia katika damu hiyo. Soko la uovu lasimama kwa wanunuzi.

Kila mwaka tarehe 13 Juni, tangu 2015, mataifa huadhimisha siku ya kuwakumbuka watu wenye ualbino. Makanisa yetu yaweza kuitumia Jumapili iliyo karibu kuchanga kofia na mafuta, na kumwalika muuguzi atazame ngozi za watu baada ya ibada.

Mnakumbuka habari ya Yona, jinsi jua lilivyompiga kichwani nje ya Ninawi hata akazimia, na kabla yake jinsi Mungu alivyomwoteshea mmea uwe kivuli. Mungu hakuona ni jambo dogo kumpa mtu kivuli. Nasi tusilione dogo.

Yule mwanafunzi wangu sasa ni mtu mzima, ana cherehani yake na mke na watoto wawili. Kila Jumapili huja na kofia pana, huivua mlangoni, hukaa benchi la mbele apate kuona. Kila baada ya miezi sita huenda kwa daktari wa ngozi. Safari iliyopita nilikwenda naye. Deni halikwisha, lakini nimeanza kulilipa.

Mungu awalinde ninyi na nyumba zenu.

Ni mimi, mwalimu wenu wa dini.