Kahawa na nguvu ya kazi: inasaidia nini, na inaficha nini



Mara nyingi mutu wa kazi ya usiku anafika kwa dispanseri na kusema: «Munganga, moyo unapiga mbio, mikono inatetemeka, lakini sina homa.» Ninamuuliza alikula nini mbele ya kuingia kazini. Anajibu: «Sikukula. Nilikunywa vikombe vinne vya kahawa na kutafuna makasu, kusudi nipate nguvu.»

Kusudi nipate nguvu! Neno hilo ndilo tutakalolichunguza leo. Je, ni kweli kahawa inatia nguvu?

Kitu kilicho ndani ya kahawa

Kitu hicho kinaitwa kafeini. Mudachi moja, jina lake Runge, aliitoa ndani ya mbegu za kahawa katika mwaka 1819. Iko vilevile ndani ya majani ya chai, ndani ya makasu, ndani ya Coca-Cola, na ndani ya vinywaji vya mikebe vinavyouzwa kwa jina la kutia nguvu.

Kikombe kimoja cha kahawa kinaweza kuwa na miligrama 100 hivi za kafeini. Lakini kahawa zote si sawa. Robusta, ambayo karibu na mwaka 1900 ilitoka huku kwetu Kongo, upande wa Lomami, na kuenea duniani, iko na kafeini karibu mara mbili kuliko arabika ya Kivu. Basi mutu anayesema «ninakunywa vikombe viwili tu» ajue kwanza ni kahawa gani.

Namna inavyofanya kazi

Wakati mutu anatumika, kitu kinachoitwa adenosini kinaongezeka ndani ya bongo, saa kwa saa. Ndicho kinachopeleka habari: umechoka, lala. Kafeini inakaa pahali pake na kuzuia habari hiyo isifike. Uchovu wenyewe haukutoka. Ni sawa na mutu aliyefunga kengele ya hatari kwa kitambaa: kengele hailii tena, lakini moshi ungali ndani ya shimo.

Na misuli je?

Katika mwaka 1907, Waingereza wawili, Rivers na Webber, walipima jambo hili kwa mashini inayohesabu kazi ya kidole kinachoinua uzito mpaka kinachoka. Waliona kwamba kwa kafeini kidole kinafanya kazi zaidi. Tangu siku zile watu wengi wamepimwa, na matokeo ni haya:

Kwa kazi ya kudumu, kama kukimbia mbio ndefu ao kuendesha kinga, kafeini inasaidia kweli, lakini kwa kadiri ya 2 mpaka 4 juu ya 100. Mutu mwenye kukimbia saa moja anaweza kupata faida ya dakika moja ao mbili. Kwa kuinua mzigo mzito mara moja, faida ni ndogo zaidi, na si kila mutu anayeipata.

Tena, wengi waliopimwa walikuwa vijana wa michezo, waliokula na kulala vizuri. Kahawa haijengi musuli na hailishi mwili. Musuli unalishwa na bukari, maharagi, samaki na mboga. Mwenye kuingia kazini na kahawa tupu anaendesha mashini isiyo na mafuta.

Deni la usingizi

Hapa ndipo hatari ilipo. Kisha saa 5 hivi, nusu ya kafeini ingali ndani ya damu. Katika mwaka 2013, wanganga wa Marekani walitangaza kwamba miligrama 400 zilizonywewa saa 6 mbele ya kulala ziliondoa zaidi ya saa moja ya usingizi.

Ninamukumbuka shofere moja wa kamio. Alikuwa akinywa kahawa kali mwisho wa usiku kusudi amalize kazi. Muchana, usingizi unamukataa. Usiku unaofuata, anaongeza kahawa. Usiku wa tatu kamio yake ilipanda tuta la udongo kando ya njia. Bila tuta lile, angeanguka ndani ya shimo. Aliniambia: «Nilikuwa macho, ladha ya kahawa ilikuwa ingali kinywani.» Alisinzia bila kujua. Hesabu mwenyewe: kamio inayokwenda kilometa 30 kwa saa inatembea metre 33 katika sekunde 4.

Kwa nyumba

Mama mwenye mimba, kafeini inakawia sana ndani ya mwili wake, tena inafika kwa mutoto. Katika mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mama mwenye mimba anayepita miligrama 300 kwa siku apunguze. Chai ao kahawa pamoja na chakula inazuia chuma cha chakula kuingia katika damu. Ni vizuri kungoja saa moja kisha kula. Watoto tuwape uji na maziwa, si kahawa.

Mashauri

1. Kula kwanza, kahawa kisha.

2. Kwa kazi ya usiku, kunywa kikombe kimoja ao viwili mwanzoni. Acha kabisa saa 6 mbele ya kulala, ao zaidi.

3. Mutu muzima mwenye afya asipite miligrama 400 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa moyo ao tansio amuulize munganga.

4. Ndani ya joto, kunywa maji. Kahawa haishiki pahali pa maji.

5. Kahawa haiondoi pombe. Mulevi aliyekunywa kahawa ni mulevi aliye macho.

6. Uliyezoea kahawa nyingi, punguza polepole. Ukiacha gafula, kichwa kitakuuma siku kadhaa.

7. Macho yakianza kufunga, simamisha mashini na umwambie mukubwa wa kazi. Akikuruhusu, kunywa kikombe kimoja na kulala dakika 20 pahali pa salama. Hakuna haya katika jambo hilo.

Mama, baba akirudi asubuhi, fungeni dirisha, pelekeni watoto kucheza mbali. Usingizi ule ndio nguvu yake ya usiku unaokuja. Kikombe hakiwezi kumurudishia.