Asiyeweza Mwendo wa Msafara: Maradhi ya Mlipuko, Watu Wenye Ulemavu wa Akili na Walezi Wao

Kabla ya reli ya kati kufika Tabora mwaka 1912, msafiri aliyetoka pwani kwenda Unyanyembe hakuwa na budi kwenda kwa miguu. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, baada ya safari ya siku 134. Njia hiyo ya misafara ilianzia Bagamoyo na bandari za jirani, ikapanda Usagara, ikakata Ugogo, ikapumzika Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu, nguo, shanga na chumvi. Na watu waliotekwa waliswagwa humo humo kupelekwa utumwani. Pamoja na hayo yote, njia hiyo ilipitisha ndui na kipindupindu.

Jambo hilo lina maelezo ya kisayansi. Vimelea vya maradhi havina miguu. Husafiri kwa miguu ya watu. Mtu aliyeambukizwa ndui aliweza kukaa siku 7 hadi 19 kabla ya kuona dalili yoyote. Katika muda huo alitembea na mzigo wake kama wenzake, na ugonjwa ukajitokeza akiwa amekwisha kufika mbali na mahali alipoupata. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu wagonjwa Zanzibar wakati wa kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870, alichapa kitabu mwaka 1876 kuonyesha kwamba ugonjwa huo ulifuata njia za biashara. Kwa maneno mengine, ramani ya misafara ilikuwa pia ramani ya maradhi.

Burton alieleza jinsi alivyokutana, katika milima ya Usagara, na msafara uliopatwa na ndui. Watu wapatao 50 walikuwa wamekwisha kufa. Wengine walijikokota wakiwa hawaoni, na akina mama walibeba mgongoni watoto wenye ugonjwa ule ule. Aliyeanguka hakuinuliwa, na vijiji havikukubali kuwapokea. Tusiwahukumu wapagazi kwa haraka, kwani hawakuwa na dawa wala hospitali, na kukawia njiani kulimaanisha njaa kwa wote. Hata hivyo, tuitambue kanuni iliyotawala: mwendo wa msafara uliwekwa na wenye nguvu, na asiyeuweza mwendo huo alibaki nyuma.

Swali la makala haya ni hili: je, ugonjwa wa mlipuko unapoingia katika nchi siku hizi, kanuni hiyo imekwisha? Tutalijibu kwa kuwatazama watu wenye ulemavu wa akili pamoja na wale wanaowalea, hasa katika miaka ya UVIKO-19.

Ulemavu wa akili ni nini?

Yapasa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa mara nyingi. Ugonjwa wa akili waweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, na aghalabu hutibika. Ulemavu wa akili ni hali inayoanza utotoni, ambapo uwezo wa kujifunza, kufikiri na kujitegemea katika shughuli za kila siku uko chini sana kuliko ule wa watu wa umri huo huo. Hali hiyo haiambukizi, wala si laana, wala si adhabu ya wazazi. Maneno kama "taahira" na "zezeta" hayaelezi chochote kisayansi, na yanaumiza. Shuleni yafaa yaachwe kabisa.

Sababu zake ni nyingi. Baadhi ni za kuzaliwa nazo: mwaka 1959 wanasayansi wa Ufaransa walionyesha kwamba watu wenye sindromu ya Down wana kromosomu moja ya ziada, ile ya 21. Nyingine hutokana na mtoto kukosa oksijeni wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Nyingine ni upungufu wa madini joto katika chakula cha mama mjamzito. Chumvi ilikuwa bidhaa kubwa ya njia ya misafara, na ile ya Uvinza, kati ya Tabora na Ujiji, imechemshwa kutoka chemchemi zake kwa zaidi ya miaka 1,000. Tangu miaka ya 1990 sheria za nchi yetu zinataka chumvi ya kuliwa itiwe madini joto, na kwa hatua hiyo ndogo ubongo wa watoto wengi huokolewa kabla hawajazaliwa.

Je, watu hao ni wangapi? Uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi uliotolewa mwaka 2011 ulipata wastani wa watu 10 hivi katika kila watu 1,000, na zaidi ya hapo katika nchi zenye kipato kidogo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wapatao 3,390,000 katika Mkoa wa Tabora. Tukitumia wastani huo tunapata watu kama 34,000. Hayo ni makisio tu, lakini yanatosha kutuonyesha kwamba jambo hili si la nyumba mbili tatu.

Takwimu zinasema nini?

Mwezi wa Novemba 2020 idara ya afya ya umma ya Uingereza ilitoa ripoti juu ya vifo vya wimbi la kwanza la UVIKO-19. Baada ya kusawazisha tofauti za umri na jinsia, ilionekana kwamba kiwango cha vifo miongoni mwa watu waliojulikana kuwa na ulemavu wa akili kilikuwa mara 3.6 ya kile cha watu wote. Kwa vijana wa miaka 18 hadi 34 tofauti ilifika mara 30. Mwanafunzi wa hisabati atatambua kwamba mara 30 ya idadi ndogo bado ni idadi ndogo, kwa maana vijana wachache walikufa kwa ugonjwa huo. Lakini uwiano huo hauwezi kuelezwa kwa bahati. Huko Marekani, uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa milioni 64, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba ukiondoa umri, hapakuwa na jambo lililohusiana na kifo cha UVIKO-19 kuliko ulemavu wa akili.

Sababu ziko za namna tatu. Ya kwanza ni ya mwili: wengi wao wana matatizo ya moyo, ya kupumua, kifafa au kisukari. Ya pili ni ya maisha: mtu anayelishwa, kuogeshwa na kuvalishwa na mwingine hawezi kukaa mita moja mbali na mwenzake. Ya tatu ni ya huduma. Mtu asiyeweza kueleza kwamba kifua kinambana huonyesha maumivu kwa njia nyingine: anakataa chakula, anapiga kelele, anajigonga kichwa. Mhudumu asiyemjua husema, "Ndivyo alivyo," na ugonjwa unafichwa nyuma ya ulemavu. Kwa hiyo anafika hospitali akiwa amechelewa.

Hata waliofika walikuta kipimo kisichowafaa. Mwezi wa Machi 2020 madaktari wa Uingereza walipewa mwongozo wa kuamua nani apewe matibabu ya uangalizi mkubwa, kwa kutazama kiasi ambacho mgonjwa huhitaji msaada katika shughuli za kila siku. Kipimo hicho kilitengenezwa kwa ajili ya wazee waliodhoofika. Kijana mwenye afya njema, lakini anayehitaji kusaidiwa kuvaa tangu utotoni, alionekana humo kama mtu dhaifu asiyetarajiwa kupona. Familia zililalamika, na katika siku chache mwongozo ukarekebishwa. Huo ndio mwendo wa msafara uliovaa koti jeupe.

Shule zilipofungwa

Katika nchi yetu mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na siku iliyofuata serikali ikaagiza shule zifungwe. Vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa tarehe 1 Juni, na shule nyingine tarehe 29 Juni. Kwa mwanafunzi wa kawaida hiyo ilikuwa miezi mitatu ya kukosa masomo, na baadhi waliyafuata kwa redio na televisheni. Kwa mtoto wa kitengo cha elimu maalumu hasara ilikuwa ya namna nyingine. Mtoto huyo hujifunza kwa kurudia jambo lile lile, saa ile ile, na mwalimu yule yule. Alilolipata kwa mwaka mzima, kama vile kufunga vifungo au kwenda msalani peke yake, laweza kupotea katika wiki chache lisipofanyiwa mazoezi. Redio haiwezi kumshika mkono.

Tufikirie nyumba moja ya kubuni mjini Tabora. Mama huuza asali karibu na stesheni, na mwanawe wa miaka 14 hushinda shuleni. Shule inapofungwa, mtoto haelewi kwa nini asubuhi hii havai sare. Anatoka, anaelekea shuleni, anarudishwa, anatoka tena. Mama hawezi kumwacha, wala hawezi kwenda naye sokoni, kwa sababu mtoto huvua barakoa na kuwashika watu. Akibaki nyumbani, hakuna mauzo. Akienda, hakuna wa kumwangalia mtoto. Majirani waliokuwa wakipokezana naye wameambiwa wakae majumbani mwao. Hakuna aliyevunja amri ya afya hapa, na kila amri ilikuwa na maana yake. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, wakati amri zinaandikwa, zitatekelezwaje katika nyumba kama hiyo.

Mzigo wa mlezi

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mbebaji peke yake ndiye anayejua uzito. Uchunguzi uliofanywa Uingereza mwaka 2020 uliwalinganisha walezi wa watu wenye ulemavu wa akili na wazazi wa watoto wasio na ulemavu. Walezi hao walikuwa na wasiwasi na huzuni kubwa zaidi, na tofauti ilikuwa pana kuliko ile iliyoonekana katika tafiti za kabla ya janga. Zaidi ya hayo, walipata msaada mdogo kutoka kwa jamaa na marafiki, ingawa haja yao ilikuwa kubwa zaidi.

Afya ya mlezi na ya anayelelewa ni jambo moja. Mlezi asiyelala hukosea dawa za kifafa. Mlezi aliyekata tamaa huchelewa kwenda zahanati. Na liko swali ambalo walezi wengi huwa nalo moyoni hata wakati wa afya njema: "Nikifa mimi, nani atamtunza?" Wakati wa janga swali hilo huacha kuwa la siku za mbali. Linakuwa la wiki hii.

Lipi lifanyike?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ikapitishwa mwaka 2010. Ibara ya 11 ya Mkataba huo inazitaka nchi ziwalinde watu wenye ulemavu wakati wa hatari na maafa. Wajibu huo unaanzia katika mambo madogo.

Kwanza, kila nyumba yenye mtu wa namna hii iwe na mlezi wa pili anayejulikana mapema, ambaye mtu huyo amemzoea kabla ya ugonjwa kuingia. Pili, iandikwe karatasi moja ya maelezo: jina la kumwitia, dawa anazotumia, anavyoonyesha maumivu, kinachomtuliza. Karatasi hiyo iende naye hospitali. Tatu, mlezi asihesabiwe kuwa mgeni wa kutazama wagonjwa. Yeye ni ulimi wa mgonjwa, apewe barakoa na aruhusiwe kukaa naye. Nne, walezi na wanaolelewa wawe mbele katika orodha ya chanjo. Uingereza ilifikia uamuzi wa kuwatanguliza watu wenye ulemavu wa akili mwezi wa Februari 2021, baada ya chanjo kuwa imeanza kutolewa kwa zaidi ya miezi miwili.

Tano, tufundishe kwa hatua. Kunawa mikono kwenye kibuyu chirizi kuna vitendo visivyopungua sita: kukanyaga kijiti, kulowesha mikono, kushika sabuni, kusugua viganja, kusugua kati ya vidole, kusuuza. Mtoto hufundishwa kitendo kimoja mpaka akimudu, ndipo kinaongezwa cha pili, na picha hubandikwa pale pale penye maji. Kazi hiyo ifanywe sasa, wakati hakuna hofu, kwa sababu hofu ni mwalimu mbaya.

Wakati huo hauko mbali. Basi linalotoka Dar es Salaam hufika Tabora kwa siku moja badala ya siku 134, na dalili za UVIKO-19 huchukua siku 5 hivi kujitokeza. Homa ya Marburg imezuka Kagera mara mbili, mwaka 2023 na mwaka 2025.

Ndui yenyewe, iliyowaangusha wapagazi wa Usagara, haipo tena. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa mkazi wa Merka, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kwamba imekwisha. Ushindi huo ulipatikana kwa kumtafuta kila mgonjwa, nyumba kwa nyumba, hata katika kambi za wafugaji wanaohama, na kuwachanja waliomzunguka. Laiti wangeachwa wale wasiofikika kwa urahisi, ndui ingekuwapo hadi leo.

Walimu wa sekondari wanaweza kuanza na zoezi moja. Wanafunzi wachukue amri za afya zilizotolewa mwaka 2020: kunawa, kuvaa barakoa, kukaa mbali, kujitenga unapougua. Mbele ya kila amri waandike inamtaka mtu aweze nini: kusoma, kuelewa hatari isiyoonekana, kukaa peke yake, kumudu siku bila kipato. Kisha wajadili nani katika mtaa wao asiyeweza jambo hilo, na jirani yupi, wakiwamo wao wenyewe, angeweza kulifanya pamoja naye.