Waliomo Katika Daftari la Bwana

Wajukuu, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ndiyo maana mwenye duka pale njia panda ya Usagara haachi kuandika nani kakopa sukari. Leo nawapa habari za watu ambao wao wenyewe waliandikwa daftarini kama mali.

Huko South Carolina, Marekani, palikuwa na ukoo wa Ball. Kwa miaka zaidi ya mia moja na nusu, mpaka utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, waliwatumikisha Waafrika kulima mpunga, kwenye majaruba kama haya yetu ya Misungwi. Mabwana hao walikuwa hodari wa kuandika: nani kazaliwa, nani kafa, nani kapewa blanketi. Haikuwa huruma, ilikuwa hesabu.

Mwaka 1756 Elias Ball alinunua watoto walioshushwa melini kutoka Sierra Leone. Mmoja alikuwa msichana. Alimkadiria miaka 10, akampa jina Priscilla, akaandika, basi. Jina la kwao halimo. Lakini ukizidi kufunua kurasa, unamkuta tena: kazaa, watoto wake wametajwa, mpaka kifo chake mwaka 1811. Edward Ball, mzawa wa ukoo huohuo, alizipekua karatasi hizo na kutoa kitabu mwaka 1998. Hivyo wazao wa Priscilla wakajua bibi yao alitoka wapi.

Wamarekani Weusi wengi hawapati bahati hiyo. Sensa za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa chini ya jina la bwana: umri, jinsia, rangi. Walio wengi majina yao yaliingia kwenye sensa kwa mara ya kwanza mwaka 1870. Anayetaka kumjua babu yake wa kabla ya hapo, hana budi kubisha hodi kwenye karatasi za aliyemmiliki.

Mnadhani hayo ni ya Marekani tu? Haya, twende Mwanza. Tarehe 3 Agosti 1858, Mwingereza John Speke alisimama kilimani akalitazama ziwa letu, akaamini amepata chanzo cha Nile. Vitabu vingi vinamtaja yeye peke yake. Kumbe alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao, na lugha yao wawili hao ilikuwa Kihindustani.

Hebu shikeni hapo. Mwingereza na Myao, katikati ya Usukuma, wanazungumza lugha ya India! Speke alijifunza kwa sababu alikuwa afisa wa jeshi huko. Na Bombay je?

Speke alimuuliza, akayaandika majibu katika kitabu alichokitoa mwaka 1864. Bombay alikuwa na miaka kama 12 wafanyabiashara wenye bunduki walipokizingira kijiji chao, wakidai walipwe madeni ya nguo na shanga walizokopesha wakati wa njaa. Watu wakakimbia, wengine wakakamatwa. Yeye akapelekwa Kilwa, kisha Unguja, akauzwa sokoni, akavushwa bahari mpaka India. Bwana wake alipofariki akawa huru, akarudi Unguja. Habari za baba yake hakuzipata tena. Hata humo jina la utotoni la Bombay halimo, lakini sasa mnajua Kihindustani kile alikinunua kwa bei gani.

Karibu zaidi na hapa ni Bukumbi. Mapadre Weupe walifika huko mwaka 1883 wakitoka Buganda, wakiwa na watoto waliowakomboa utumwani kwa kuwanunua. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, aliagiza kila misheni iandike shajara ya kila siku. Shajara hizo zimehifadhiwa Roma. Nazo padre ndiye aliyeshika kalamu, si mtoto.

Kwa hiyo mkikutana na karatasi ya zamani, iulizeni: aliyekuandika ni nani? Alitaka apate nini? Nani alikuwepo asiulizwe? Kisha mfuateni huyo asiyeulizwa ukurasa kwa ukurasa, kwa jina, kwa umri, hata kwa blanketi alilopewa.

Na mkienda kwa wazee, nendeni na adabu. Huku kwetu pia watumwa walikuwepo, na wengi waliolewa, wakazaa, wakamezwa na koo walizozikuta. Wazao wao ni majirani, pengine ni sisi wenyewe. Usimwulize mzee, "Bibi yako alikuwa mtumwa?" Utafukuzwa, na utakuwa umestahili. Muulize bibi alitokea wapi, alikuja na nani, aliimba nyimbo za wapi. Akijibu, andika, halafu umsomee ulichoandika arekebishe mwenyewe. Priscilla hakusomewa kilichoandikwa juu yake.